Bega la Kabagwira

Ukiteremka Nyakabanda kwa njia ya mawe, kabla hujafika kwenye maduka ya mafundi cherehani, utasikia tezo ikigonga mti. Hapo ndipo ilipo karakana ya Léonce Kubwimana, mtu mfupi mwenye kifua kipana na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Léonce alichonga mnyama mmoja tu: gorila. Gorila aliyekaa, gorila aliyebeba mtoto mgongoni, gorila anayetafuna mwanzi. Watalii waliwanunua, wakawaviringisha ndani ya nguo zao, wakapanda nao ndege.

Léonce hakuwachukia. Gorila ndio walioezeka nyumba yake na kumsomesha mwanawe Sangwa mpaka akamaliza. Ila mkono ulikuwa umewazoea mno. Aliweza kuchonga uso mzima huku akibishana habari za mpira na Usumani, mwenzake wa karakana, asitazame hata mara moja anachokifanya.

Usumani ndiye aliyepiga msasa na kutia nta. Babu yake aliingia Rwanda akiuza nguo kutoka pwani, na Kiswahili kikabaki nyumbani kwao mpaka leo. Léonce naye alizaliwa Karagwe, ng'ambo ya Kagera, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi, na ujanani alikwenda Dar es Salaam akajifunza kazi kwa Wamakonde wa Mwenge. Kwa hiyo humo karakanani walisema Kiswahili, na mteja akiingia na Kinyarwanda alijibiwa Kinyarwanda, kisha hao wawili wakarudi kwenye ubishi wao.

Huko Mwenge Léonce alikuwa ameona watu wakitoka ndani ya mpingo: vikongwe, wajawazito, vijana waliopandana mabegani mpaka huoni nani ameanza na nani ameishia. Baadhi alikuwa amewachonga mwenyewe. Aliporudi Rwanda na wazazi wake, soko lilimwambia linachotaka, naye akalitii.

Kisha akaja Bruce.

Bruce alikulia Kampala. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na gari lake aliliacha likinguruma hata alipokuwa ameshuka. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni Remera, karibu na uwanja wa Amahoro, kwa ajili ya timu zinazokuja mjini kucheza. Alikuwa pia na kiwanja Kagugu, na kwenye kiwanja hicho mjakaranda mkubwa ulikuwa umeangushwa kupisha msingi.

"Muzehe," alisema kwa Kiswahili alichokiokota Kampala, "gogo iko, kubwa sana. Mimi nataka unitengenezee mutu ya kuweka kwa mlango. Mwanamichezo. Mutu ya nguvu, misuli kila mahali. Mgeni akiingia aseme, hapa iko kazi."

"Mtu?" Léonce aliuliza, kama hakusikia vizuri.

"Mutu. Gorila iko kila hoteli."

Usumani alijifanya anakohoa. Léonce alifuta mikono kwenye suruali na kusema atafanya.

Gogo liliteremshwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Majirani walikuwa wametoka kuzibua mitaro, majembe bado mikononi, wakasaidiana kulisukuma mpaka chini ya bati. Lilikuwa fupi, nene kama pipa, mbao yake ya rangi ya uji. Léonce alilizunguka, akalipapasa, akapaka nta kwenye ncha zote mbili lisije likapasuka kwa kukauka haraka. Hakuligusa kwa tezo. Alitaka kwanza ajaribu kwenye kipande kidogo.

Alikwenda kwenye ukumbi mmoja wa kunyanyua vyuma kule Nyamirambo, akakaa ukutani na kipande cha mkaa na karatasi. Vijana walifurahi kuchorwa. Kila mmoja alikuja kukunja mkono mbele yake, kisha akageuka kujitazama kwenye kioo. Léonce aliwachora wote. Aliporudi alichonga mtu mdogo wa kimo cha chupa, akampiga msasa mwenyewe, akampa Usumani.

Usumani alimgeuza huku na huku.

"Niseme?"

"Sema."

"Ni gorila aliyenyolewa."

Walicheka wote wawili mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini jioni, nyumbani, Léonce hakucheka. Mkewe Mukashema, fundi cherehani anayeshona sare za shule, alimwekea ugali na sombe, naye akakaa akiutazama tu.

"Papa Sangwa, unaumwa?"

"Siumwi. Mkono wangu umesahau watu."

"Basi mrudishie yule bwana gogo lake."

"Ndilo ninalofikiria."

Kesho yake alipanda basi kwenda Remera akiwa na nia hiyo hasa, kumwambia Bruce atafute fundi mwingine. Hakumkuta. Mlinzi alimwambia angoje. Nyuma ya ile nyumba ya wageni kulikuwa na ukumbi wa mazoezi, na humo ndani mpira ulikuwa ukigonga sakafu, na sauti za wanawake zikiitana. Léonce alisogea mlangoni apitishe muda.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, timu mbili, katikati yao wavu mfupi usiozidi kifua. Ilikuwa voliboli, lakini ya kukaa. Miguu ya bandia ilipangwa ukutani pamoja na viatu na mikongojo. Mmoja hakuwa na mguu, mwingine mkono, mwingine viungo vyote alikuwa navyo lakini goti lilikuwa limekakamaa. Na walikuwa wepesi! Mpira ukienda pembeni, mtu anaubandika mkono sakafuni, anajisukuma, anateleza kwa makalio, anafika kabla ya mpira.

Mmoja alimshika macho. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele zimesukwa mstari, fulana ya mikono mifupi, mguu wa kulia umeishia juu kidogo ya goti. Aliinua mkono kushindilia mpira, na Léonce akaona bapa la bega likitoka mahali pake chini ya ngozi, likapanda, likavuta nyuma yake msuli mrefu wa ubavuni mpaka kiunoni, kama mtu anayevuta kamba. Mpira ulipiga sakafu ya upande wa pili na hakuna aliyeugusa. Léonce alisahau kwamba alikuwa anamngoja Bruce.

Walipopumzika, mwanamke yule alijisogeza mpaka ukutani, karibu na mlango, akachukua chupa yake ya maji.

"Muzehe, tangu umekuja unanitazama mimi tu," alisema. "Unatazama nini? Mguu?"

"Hapana. Bega."

Mwanamke alishusha chupa. Alimwangalia kuona kama ni mzaha, akaona si mzaha, akacheka kwa sauti.

"Jamani, njooni! Huyu mzee amekuja kutazama bega langu!"

Aliitwa Kabagwira. Walipozungumza Léonce aligundua kwamba alikaa Nyakabanda pia, mitaa ya chini, na kwamba sombe ambayo yeye hakuila jana usiku ilitwangwa na mikono ile ile. Ndiyo kazi yake. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda, kinu katikati, anatwanga majani ya muhogo kwa mchi mzito, na akina mama wanapita kununua yakiwa bado mabichi. Alikuwa mtoto alipogongwa na lori la mchanga. Alilisema hilo kwa sentensi moja, kisha akahamia kwenye mpira na hakuuacha.

Léonce alimweleza kuhusu gogo. Alimwomba aruhusiwe kumchora, na kama yeye mwenyewe ataridhika, amchonge.

Kabagwira alifikiri. "Sawa. Lakini kwanza ukae hapa chini ucheze na sisi seti moja. Huwezi kuchonga kitu usichokijua."

"Mimi? Na umri huu?"

"Makalio unayo?"

Wenzake walipiga makofi. Léonce alivua viatu, akakaa. Mtu aliyeshinda akipiga tezo siku zote za maisha yake alidhani mikono yake ina nguvu. Mpira wa kwanza ulimpita kabla hajainua mkono. Wa pili aliufuata, akainuka kidogo, wote wakapiga kelele kwamba ni kosa, makalio hayaruhusiwi kuachana na sakafu. Wa tatu ulimpiga usoni. Hata hivyo alicheza mpaka mwisho, na kuelekea mwisho alirudisha mpira mmoja, mmoja tu, na wanawake wa upande wake wakamshangilia kama amefunga kombe.

Asubuhi hakuweza kuvaa shati. Mukashema alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani, mmoja nje, amekwama.

"Umepigana?"

"Nimecheza mpira."

Mukashema alimlaza kifudifudi, akachukua mafuta, akaanza kumkanda. Kila alipobonyeza Léonce aliguna. "Hapo. Na hapo chini, ubavuni. Ngoja! Hapo panaunganaje na pale juu? Fuata kwa kidole." Mukashema akafuata kwa kidole. Ghafla Léonce akamwomba alete mkaa, achore juu ya mgongo wake kila mahali panapouma na panapoelekea.

"Wewe una wazimu," Mukashema alisema, lakini alileta. Mtu anayekata nguo hujua kufuata mstari. Alichora chini ya makwapa, alichora kando ya uti wa mgongo, alichora makalio huku akicheka, kisha akainakili ramani yote kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa. Karatasi hiyo ndiyo Léonce aliyoibandika kwenye ukuta wa karakana. Michoro ya wale vijana wa kwenye kioo aliichoma kuchemshia chai.

Sasa tezo iliingia kwenye mti.

Kabagwira alikuja mara kwa mara, baada ya kumaliza kuuza. Alikaa sakafuni kwenye maranda, mguu wa bandia ameuweka pembeni, kiganja cha kushoto kimekandamiza chini, mkono wa kulia umepanda kushindilia mpira usiokuwepo. Hakuna binadamu anayeweza kukaa hivyo muda mrefu, kwa hiyo alikaa, akapumzika, akakaa tena, na Léonce alifanya kazi haraka mkono wa Kabagwira ulipokuwa juu na polepole ulipokuwa chini. Gogo lile fupi na nene, ambalo lingemsumbua kama angechonga mtu aliyesimama, lilimtosha mtu aliyekaa kana kwamba liliota kwa ajili yake. Bega lilitoka kwanza. Kisha mtulinga, kisha ule msuli mrefu wa ubavuni, kisha kiwiko. Mkono wa kushoto, ule uliobeba uzito, Léonce aliuchonga umekazana mpaka kwenye vidole, na kiganja kimetanuka kidogo pale kilipokutana na sakafu.

Siku moja alijikuta hajazungumza na Usumani tangu asubuhi. Usumani mwenyewe ndiye aliyesema. "Leo hujanibishia hata neno. Unatazama unachokifanya."

Bruce alipita kuangalia kazi. Aliacha gari likinguruma, akaingia, akasimama.

"Ni mwanamke?"

"Ulisema mtu wa nguvu," Léonce alijibu.

Bruce aligusa bega. Alilizunguka sanamu, akafika mbele, akatazama pale ambapo paja la kulia lilikuwa bado gogo tupu. "Nani huyu?" Akaelezwa. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa ubaya.

"Muzehe, ni mzuri. Mwanamke, sawa. Lakini miguu weka yote mbili. Wageni wangu wanakuja kucheza, wanakuja na furaha. Wakiona mguu moja watasikia huruma. Mimi sitaki huruma kwa mlango yangu."

Léonce alitaka kukataa. Lakini gogo lilikuwa la Bruce. "Sawa," alisema.

Akachonga mguu wa pili. Kwa kuwa Kabagwira hakuwa na mguu huo wa kuazima, aliuchonga kwa kumtazama Mukashema, aliyekuja akakaa kwenye kigoda, gauni amelipandisha hadi gotini, anashona vifungo. Ulitoka mguu mzuri kweli: kigimbi kimejaa, kisigino cha duara, vidole vyote vitano na kucha zake.

Kabagwira hakuwa amefika kwa muda, timu ilikuwa na mechi. Aliporudi alikuja na mfuko wa sombe kwa ajili ya Mukashema, akaikuta kazi imekaribia kuisha. Alisimama mlangoni. Kisha akaingia polepole, akaweka mfuko chini, akalishika bega la mti kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akalishika la kwake, akilinganisha.

"Mimi niko hivi?"

"Uko hivyo," Usumani alisema.

Alipitisha vidole mgongoni. Hakuna mtu ambaye amewahi kuuona mgongo wake mwenyewe, na Kabagwira aliutazama wa kwake muda mrefu, kidevu kimeinuka. Kisha akazunguka akaja mbele.

"Na mguu huu ni wa nani?"

Mukashema, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, aliinua macho.

"Ni wangu," alisema Mukashema.

Kabagwira alicheka, Mukashema naye akacheka, na kwa kitambo ilionekana jambo limepita. Lakini Kabagwira alikuwa bado anautazama.

"Mama Sangwa, mguu wako ni mzuri," alisema. "Ila haujawahi kucheza na sisi."

"Mwenye gogo ndiye aliyetaka," Léonce alieleza. "Anasema watu watakuonea huruma."

"Wewe uliponiona ulinionea huruma?"

"Hapana."

"Uliona nini?"

"Bega."

"Na bega hili nimelipata wapi, muzehe? Mwenye miguu miwili akitaka kwenda mahali anasimama anakwenda. Mimi nimejisukuma kwa mkono huu tangu nikiwa mtoto. Mpe mguu, halafu uwaeleze watu bega limetoka wapi." Alivaa begi lake. "Fanya utakavyo, mti si wangu. Lakini huyo usimwite Kabagwira."

Akaondoka, hana hasira, amenyooka, kama mtu aliyemaliza kusema.

Léonce alikaa kwenye kigoda. Mukashema alikata uzi kwa meno na kusema, "Mimi mguu wangu ninao hapa. Ule wa mti sihitaji."

"Gogo ni la Bruce," Usumani alikumbusha.

"Najua." Léonce alitoa simu, akampigia Bruce, kwa sababu hakuwa mtu wa kufanya mambo kwa kificho. Alimwambia kwamba mguu ule ni uongo na kwamba ataukata. Sauti ya Bruce ilisikika mpaka kwa fundi viatu. Akikata, alisema, hatalichukua sanamu hilo, na amtafutie gogo lingine kama lile.

"Nitakutafutia," Léonce alisema. "Bwana Bruce, kwa kazi zangu zote sijawahi kufanya kitu kama mgongo huu. Siwezi kuuweka juu ya mguu wa uongo."

Alikata simu, akachukua msumeno. Usumani alishika kigimbi kisidondoke na kuvunja ukingo, akageuza uso pembeni. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na kila mtu alipumua ilipokwisha. Kisha Léonce alikwenda mwenyewe mitaa ya chini, akamkuta Kabagwira anaosha kinu, akamwambia: "Nimeukata. Sasa sijui pale unapoishia panakaaje. Nikikisia nitaharibu tena."

Kabagwira alikausha mikono, akamfuata. Karakanani alikaa, akavua mguu wa bandia, akapandisha suruali bila haya yoyote, akamwonyesha jinsi misuli ya paja inavyojikusanya, mahali ngozi ilipovutwa na kushonwa, mahali anapojisukumia akiteleza kulia. Léonce alipachonga hapo kwa patasi ndogo kuliko zote alizonazo. Usumani alipofika na msasa, Léonce alimzuia. Alitaka kupapiga mwenyewe.

Bruce alikuja siku mbili tatu baadaye, amekunja uso. Mara hii alizima gari, jambo ambalo Usumani hakuwahi kuliona. Alitazama mguu uliokatwa, akatazama kile kigimbi cha Mukashema kilichoegeshwa ukutani.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia watu watamwonea huruma," alisema Léonce. Hakuinua sauti wala hakuomba radhi. "Mimi nasema hapana. Tusibishane. Tumtoe barabarani, wewe ukae kwenye gari lako, usikilize. Wakimwonea huruma, nitalibeba hili gogo mgongoni mwangu mpaka Kagugu."

Walimtoa, watu watatu na fundi viatu wa nne, wakamweka kwenye baraza la karakana, akiielekea njia. Bruce aliketi garini, kioo kimeshushwa nusu.

Wa kwanza kupita alikuwa mwashi aliyebeba pima-maji. Alipunguza mwendo. "Mungu wangu," alimwambia Usumani, "huyu akikupiga kofi, unaamkia hospitali." Akaendelea na safari.

Akaja dereva wa pikipiki, abiria nyuma. Wote wawili walisimama. "Ni wa timu gani?" dereva akauliza. Abiria akasema anachelewa, kisha yeye mwenyewe akashuka apige picha.

Wakaja akina mama wawili wenye vikapu. Mmoja aliushika ule mkono wa kushoto, akaubonyeza kana kwamba ungebonyea. "Huu ni mkono wa mtu anayetwanga," alisema. Mwenzake akatazama uso. "Si yule wa sombe huyu? Kabagwira? Ndiye!" Na wakaanza kuita watu.

Msichana mdogo aliyekuwa ameshikwa mkono na mama yake ndiye peke yake aliyeuliza kuhusu mguu. "Mama, mguu wake uko wapi?"

"Haupo," mama alijibu. "Tazama, anapiga mpira."

Mtoto akatazama, akainua mkono wake mdogo juu, kiwiko nyuma, akaupiga mpira wa hewani.

Kioo cha gari kilishuka chote. Bruce alibaki humo ndani kitambo, kisha akashuka, akapita katikati ya watu waliokuwa sasa wameziba njia, na yeye pia akalishika lile bega, mara hii kwa kiganja kizima.

"Muzehe," alisema, "lete Remera."

"Kama alivyo?"

"Kama iko."

Walimpeleka Jumamosi, amefungwa mablanketi ya Mukashema kwenye gari la kubeba matofali. Bruce alikuwa amejenga jukwaa dogo mbele ya mlango, lakini Kabagwira, aliyekuwa anangoja hapo na timu yake yote, alisema hapana: kwa nini amwinue? Watu wanacheza chini. Basi walimweka chini, kwenye vigae, na yeyote aliyetaka kumtazama usoni ilimbidi achuchumae. Bruce mwenyewe alichuchumaa na suti yake.

Wachezaji walimzunguka, wakaanza kubishana. Mmoja alidai kiwiko kiko chini mno, hakuna kocha angekikubali. Léonce, ambaye patasi yake haikumtoka mfukoni, alisogea akitaka kuona.

"Usimguse," Kabagwira alisema. "Hivyo ndivyo ninavyopiga. Kocha amenikataza miaka yote, na mpira unadondoka ndani miaka yote."

Mukashema alikuwa akimweleza mlinzi, na kila aliyesimama karibu, kwamba misuli ya mgongo ilichorwa na yeye, kwa mkaa, juu ya mfuko wa saruji. Hakuna aliyemwelewa vizuri, lakini wote walimpongeza. Usumani aliyekuwa amevaa kanzu ya Ijumaa alikuwa anafuta vumbi la safari kwenye mashavu ya mti kwa ncha ya kitambaa, taratibu, asije akaacha alama.

Alasiri kulikuwa na mechi. Timu ilikuwa imefika kutoka mkoani na ukumbi ulijaa. Léonce na mkewe walipewa viti vya mbele, mahali mtu anapoweza kusikia viganja vikigonga sakafu. Katika seti ya pili mpira ulipaa, ukakawia juu ya wavu, na Kabagwira akajisukuma kwa mkono wa kushoto kuufuata. Léonce aliona bapa la bega likipanda. Akajua, kabla ya mtu yeyote mle ukumbini, wapi mpira utakapoanguka, akawa tayari amesimama, mikono yote miwili juu, anapiga kelele.

Mtu wa kiti cha nyuma alimgonga. "Muzehe, kaa, hatuoni. Yule ni nani kwako, binti yako?"

Mukashema aligeuka akamjibu kwa niaba ya mumewe, kwa sauti iliyovuka mstari mzima wa viti:

"Huyu ndiye fundi aliyemchonga!"

Na Léonce, badala ya kukaa, alibaki amesimama kidogo zaidi.